Upepo wa Akiba

Ndani ya buti la gari langu, kando ya jeki na spana ya magurudumu, kuna mtungi wa chuma uliopakwa rangi nyekundu. Si mtungi wa gesi ya kupikia, wala si wa kuzimia moto, ingawa askari wa barabarani wameudhania hivyo mara mbili na kunisifu kwa uangalifu wangu. Ni mtungi wa upepo. Watu wa rika langu hubeba akiba ya maji, ya dawa, na wengine ya sala. Mimi hubeba pia akiba ya upepo. Wajukuu wangu hucheka. Huniambia kwamba siku hizi kuna vipampu vidogo vinavyochomekwa kwenye moto wa gari, na kwamba kila njia panda ina fundi pancha. Wasemayo ni kweli. Hata hivyo nina sababu yangu ya kuupenda mtungi huu, na nina deni ambalo hunikumbusha kila ninapofungua buti. Katika kurasa hizi napenda kueleza yote mawili.

Nianze na mtungi wenyewe, maana mwalimu hata akistaafu haachi kueleza. Huu wangu una ujazo wa lita 20. Juu yake pana koki, geji yenye sindano, valvu ya usalama, na mpira wa kama mita moja na nusu wenye kichwa cha kubana kwenye nozeli ya tairi. Chini kabisa pana kizibo kidogo cha kutolea maji. Hauna mota, hauna betri, haupigi kelele. Kila baada ya wiki kadhaa nampitishia fundi aliye karibu na stendi, anauunganisha na kompresa yake, sindano inapanda hadi 120, anafunga koki, namlipa, naondoka. Siku nikikuta tairi limelegea alfajiri, mahali pasipo fundi wala umeme, nafungua koki, na kazi ambayo ingenitoa jasho kwa pampu ya mguu inakwisha kabla sijamaliza kusalimiana na jirani.

Msomaji ataniuliza: 120 ya nini? Ni swali zuri, na wengi wetu hatulijui jibu lake ingawa twalitumia kila siku. Fundi hukuuliza, “Tuweke ngapi, mzee?” nawe hujibu, “Thelathini,” basi mmeelewana. Thelathini hiyo ni pauni kwa kila inchi ya mraba. Katika vitabu vyetu vya fizikia tuliita kanieneo. Mafundi huita upepo tu, na sioni sababu ya kugombana nao. Hewa inayotuzunguka nayo inasukuma, kiasi cha pauni 14 na kitu kwa kila inchi ya mraba, ila hatuihisi kwa kuwa inasukuma kutoka kila upande. Hivyo tairi la thelathini lina msukumo unaoizidi hewa ya nje kama mara mbili hivi, na mtungi wangu ukijaa huizidi kama mara nane.

Robert Boyle, mtaalamu wa huko Uingereza, alitangaza mwaka 1662 kanuni ambayo nimeifundisha nisiyoikumbuka mara ngapi: hewa ukiibana ikae katika nusu ya nafasi yake, huku joto halibadiliki, msukumo wake huwa maradufu. Kwa kanuni hiyo hesabu ya mtungi ni rahisi. Lita 20 mara nane ni lita 160 za hewa ya kawaida zilizoshindiliwa humo ndani. Tairi la gari dogo lina nafasi ya takriban lita 30, na kulijaza toka sifuri mpaka thelathini kunahitaji kama lita 60. Lakini mtungi hauwezi kutoa hewa yake yote. Msukumo wake ukishuka ukalingana na wa tairi, hewa haina tena sababu ya kuhama. Lita 40 za mwisho hubaki ndani. Kwa hiyo mtungi wangu waweza kuinua matairi mawili yaliyolala kabisa, au kuyaongezea matano yaliyoshuka hadi ishirini; kisha sindano inasimama, nami namrudia fundi wangu. Nilipenda sana kuwapa wanachuo hesabu hii, kwa sababu humfundisha kijana kwamba kuwa nacho na kuweza kukitoa ni mambo mawili.

Iko mitungi mingine, ile mirefu ya chuma kizito, inayojazwa mpaka msukumo wake uizidi hewa ya nje kwa mara 150 au 200. Mtungi wa namna hiyo wenye lita 10 tu, ukijazwa mara 200, hubeba lita 2,000 za hewa, nao waweza kuinua matairi madogo zaidi ya 30. Ni nguvu kubwa mno kuwekwa katika chombo ambacho mtu mmoja aweza kukibeba begani. Ndiyo maana mtungi huo hautumiki bila regulata, kifaa kinachokaa kati ya mtungi na mpira, kikipokea msukumo mkubwa upande mmoja na kuutoa mdogo upande wa pili. Koki peke yake haitoshi. Koki hufungua na kufunga, haijui kupima.

Sasa nalifikia deni langu.

Mwaka 1984 nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu huko Nyanda za Juu Kusini. Nilikuwa na umri wa miaka 35, na nilikuwa sijazoea kuambiwa hapana. Wanaoikumbuka miaka ile hawahitaji kuelezwa: mafuta yalikuwa kwa kibali, tairi jipya lilikuwa kama arusi, na kipuri cha shilingi chache chaweza kulisimamisha gari miezi sita. Kompresa ya chuo ilikuwa imekufa kwa kukosa mkanda. Unga wa wanachuo ulikuwa ukitusubiri Makambako, na stoo ilikuwa imebakiza chakula cha siku moja. Ijumaa asubuhi dereva akaja ofisini kusema kwamba tairi la nyuma la Bedford letu limelegea, na kwamba pampu ya mguu itachukua kutwa nzima.

“Lakini Mkuu,” akasema, “kwenye karakana kuna ile mitungi ya oksijeni ya kuchomelea. Tukiunga mpira, ni dakika tano.”

Nikaona hiyo ndiyo akili. Nikaandika kikaratasi: Mpe dereva mtungi mmoja. Nikatia sahihi.

Haikupita robo saa mwalimu wa ufundi akaingia akiwa na kikaratasi changu mkononi. Alikuwa mtu wa maneno machache, aliyenizidi umri kwa miaka kumi hivi. Hakuketi.

“Mkuu, mtungi sitautoa,” alisema. “Naomba nikueleze sababu.”

Akazieleza tatu. Kwanza, mtungi ule ulijazwa kwa msukumo unaozidi mara mia ule wa hewa tunayovuta, na dereva alitaka kuunga mpira moja kwa moja bila regulata, maana vichwa havikulingana. Pili, oksijeni si upepo. Katika hewa ya kawaida oksijeni ni kama sehemu moja kati ya tano. Ndani ya mtungi ni oksijeni tupu, na ikitoka kwa msukumo ule ikakutana na grisi au oili, vyaweza kuwaka vyenyewe bila kiberiti. Nani aliwahi kuona gurudumu la lori lisilo na grisi? Tatu, rimu za Bedford lile zilikuwa za vipande: tairi linashikwa na pete ya chuma iliyobanwa pembeni. Pete ikiwa imekaa vibaya au imeliwa na kutu, msukumo ukizidi huruka, na anayejaza upepo kwa kawaida amechuchumaa mbele yake.

Laiti ningeisikiliza fizikia ile, niliyokuwa nikiifundisha mwenyewe! Badala yake nilimsikia mtu anayenipinga mbele ya dereva. Nikamwambia kwamba wanachuo mia tatu hawawezi kulala njaa kwa sababu ya woga wa mtu mmoja. Nikamwamuru atoe ufunguo.

Aliutia ufunguo mfukoni. “Mkuu,” akasema kwa utaratibu, “barua nitapokea. Ufunguo sitatoa.”

Akatoka. Dakika chache baadaye nikasikia kelele uwanjani, nikachungulia dirishani. Alikuwa amewatoa wanachuo sitini darasani, akawapanga mstari nyuma ya lori. Kila mmoja alipiga pampu ya mguu mara arobaini, wenzake wakihesabu kwa sauti, kisha akampisha anayefuata. Yeye mwenyewe alianza. Mpira wa pampu alikuwa ameurefusha kwa kipande kingine ili mpigaji akae mbali, pembeni, asikabili uso wa gurudumu; na kati ya gurudumu na mstari alikuwa ameegemeza milango miwili ya zamani ya bweni. Mstari ule ulizunguka zaidi ya mara moja. Alasiri tairi lilikuwa halijafika kipimo chake, lakini lilitosha kwenda taratibu. Unga uliingia saa mbili usiku. Wanachuo walikula kwa kuchelewa na kwa makelele ya furaha, kwa kuwa kila mmoja aliona ugali ule ni wa miguu yake.

Jumatatu nilimwandikia barua ya onyo kwa kukaidi amri halali ya mkuu wake. Nakala moja iliingia katika jalada lake. Mwaka 1986 ilipopatikana nafasi ya makamu mkuu wa chuo, jalada lilifunguliwa, barua ikaonekana, nafasi ikapewa mwingine. Sikusema neno. Baadaye alihamishwa mkoa, nami nikasahau, au nilidhani nimesahau.

Mwaka 1991 nilikuwa safarini kwenda Dar es Salaam, gari letu likasimama kwenye karakana moja ya kando ya barabara kuu. Palikuwa na ukimya usio wa kawaida. Juu, katika bati la kibanda, palikuwa na tundu lenye umbo la mwezi mchanga. Mzee mmoja wa pale alitueleza kwamba siku mbili nyuma kijana alikuwa akijaza tairi la lori kwa mtungi wa kuchomelea kwa kuwa kompresa ilikuwa haina mafuta. Pete iliruka. Kijana walikuwa wamemzika jana yake. Mtungi ulikuwa bado umelala pale chini, mpira ukiwa umefungwa kwa waya.

Nilisimama chini ya tundu lile nikapiga hesabu, sikuweza kujizuia. Ukuta mmoja wa tairi la lori una eneo la inchi za mraba zaidi ya 900. Kwa upepo wa 100, hizo ni pauni 90,000 zinazosukuma ukuta mmoja, yaani kama tani 40. Tani arobaini, zikizuiliwa na pete na rimu! Na hapo nazungumzia kipimo cha kawaida, si cha mtungi usio na regulata. Nikamkumbuka dereva wangu jinsi alivyopenda kuchuchumaa karibu na gurudumu, sigara mdomoni. Alikuwa bado hai, amestaafu, ana mashamba ya chai. Ufunguo uliobaki mfukoni mwa mtu ndio uliompa miaka ile saba na mingine iliyofuata.

Tangu siku ile nimewaza sana juu ya jambo moja. Fundi akitengeneza gari, gari linaonekana. Daktari akiponya, mgonjwa hurudi kushukuru. Lakini ajali iliyozuiwa haina shahidi. Mtu aliyekataa kutoa ufunguo hana cha kuonyesha jioni isipokuwa lori lililochelewa na bosi aliyekasirika. Sisi wenye vyeo tunakiona kuchelewa, hatukioni kilichoepukwa; tunaandika barua juu ya kile tunachokiona. Kama mwalimu yule angenitii, na pengine mara ile kitu kisitokee, ningempandisha cheo.

Iliwezekana kulitengeneza jambo hilo mapema, sikulitengeneza. Aibu ina miguu mizito. Mwaka 1997 ndipo nilipomfuata kijijini kwake, kando ya Ziwa Nyasa, alikokuwa amestaafu akijenga mitumbwi na madawati. Nilikuwa na barua iliyopigwa mhuri, inayofuta ile ya mwaka 1984 na kueleza kwamba alikuwa sahihi na mimi nilikosea. Aliisoma yote, akaikunja mara mbili.

“Ahsante, Mkuu,” alisema. “Ila nafasi ile ilikuwa ya mwaka 1986.”

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayesoma geji. Kisha akamwita mkewe atuletee chai, tukazungumza habari za mbao mpaka jua likazama. Nimeyatafakari maneno yale kwa miaka mingi, na sijapata jibu lake. Deni laweza kukiriwa likabaki ni deni.

Sasa nirudi katika siku zetu hizi, maana mambo hayajirudii kwa sura ileile. Karibu na nyumbani kwangu kuna kijana anayewajazia upepo vijana wa bodaboda. Alitengeneza kompresa yake mwenyewe: mashine ya friji bovu inayosukuma hewa ndani ya mtungi wa zamani wa gesi ya friji. Ubunifu ule ulinifurahisha kwanza. Kisha nikautazama mtungi. Ulikuwa mwepesi, ukigonga unalia kama debe. Haukuwa na valvu ya usalama, wala geji, wala tundu la kutolea maji. Na chini palikuwa na kutu iliyotokeza nje. Hewa tunayovuta ina unyevu. Ukiibana, maji hujitenga, hukaa chini ya mtungi, huula taratibu kutoka ndani, mahali jicho lisipofika. Mtungi wa namna hiyo hupungua unene kila siku huku ukionekana uleule.

“Shikamoo babu,” alinipokea. Nilimweleza niliyoyaona.

“Mbona una miaka mitatu, babu, haujapasuka?” akajibu. “Na nina watoto wawili, hapa ndipo wanapokula.”

Nililisikia jibu hilo kana kwamba ni langu la mwaka 1984: mimi nilisema wanachuo mia tatu, yeye asema watoto wawili. Njaa ni hoja ya kweli siku zote. Ndiyo maana ni hoja ya hatari. Sikuwa tena na ofisi wala karatasi ya kuandikia amri, na nashukuru kwamba sikuwa nazo. Nikamwuliza kama angekubali kuubadilisha mtungi nikimsaidia nusu ya gharama. Alifikiri, akakubali.

Kwa wauza vyuma chakavu tulipata tangi la breki za upepo la lori. Matangi hayo hutengenezwa kwa kubeba hewa ya kubanwa na huwa na kizibo cha kutolea maji chini. Lakini chakavu ni chakavu. Sikutaka liguswe kabla halijapimwa. Tulimwita fundi bomba mwenye pampu ya kupimia mabomba, tukalijaza tangi maji mpaka juu bila kubakiza hewa, akasukuma hadi mara moja na nusu ya kipimo tulichokusudia, tukasubiri. Kijana alinong’ona kwamba babu anapoteza siku. Nikamweleza kwa nini tunapima kwa maji. Maji hayabanwi kama hewa. Chombo kikishindwa, yatatiririka tu na msukumo utakufa papo hapo. Hewa iliyobanwa inataka kurudi ilikotoka, na ikipata upenyo hutoka na kila kilicho mbele yake. Tangi lilistahimili. Tukaweka geji, tukaweka valvu ya usalama, na ule mtungi wa zamani tukautoboa palepale ili asije mtu mwingine akautamani.

Nilimwachia masharti matatu ambayo humwambia kila anayeniuliza. Asijaze tairi akiwa amekabili uso wa gurudumu, bali asimame pembeni na mpira mrefu. Tairi lililotembezwa likiwa limelala asilijaze kwanza, bali alifungue alitazame ndani, kwa maana nyuzi zake zaweza kuwa zimekatika. Na kitu chochote kisicho hewa ya kawaida, iwe oksijeni au gesi ya kupikia, kisiingie katika tairi hata kama kiko karibu na kina nguvu.

Wiki iliyopita mjukuu wangu alinikuta nyuma ya nyumba nimelaza mtungi wangu mwekundu, nikifungua kile kizibo cha chini. Ulitoka upepo kwa mlio, kisha maji kidogo yenye rangi ya chai.

“Babu, mbona unaumwaga upepo ulioulipia?” akauliza.

Nikamwonyesha yale maji kiganjani. Halafu tukakaa chini ya mwembe, nikamsimulia habari za mwalimu mmoja aliyetia ufunguo mfukoni.